Wifi aliniuliza nimepima lini

Swali lilikuwa na maneno manne tu: "Wifi, wewe ulipima lini?"

Liliingia saa tatu usiku kwenye grupu la WhatsApp la ukoo wetu, mbele ya watu sitini na kitu: baba wadogo, mashangazi, mabinamu walioko Maskati, vijana waliomaliza kidato cha sita. Tangu baada ya magharibi nilikuwa nabishana na mke wa kaka yangu juu ya saratani ya mlango wa kizazi, na mpaka dakika ile nilijiona nimeshashinda. Nilikuwa nimeandika ujumbe mrefu mara tano. Nilikuwa nimeweka tarakimu. Watu walikuwa wananiwekea alama za makofi. Kisha swali likaja, nikalaza simu kifudifudi mezani, nikaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo binti yangu alikuwa ameshaviosha.

Nilikuwa na miaka 39, na nilikuwa sijapima hata mara moja.

Si kwamba sikujua. Katika ukoo wetu hakuna aliyekuwa na sababu ya kujua kuliko mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyemuuguza shangazi. Ni dada yake baba, aliyenifundisha kusuka ukili nikiwa binti wa miaka kumi na minne, hapa hapa Tanga, kwenye baraza la nyumba yake. Alikuwa amekoma hedhi miaka minane nyuma. Siku moja akatuambia siku zake zimerudi, tena alisema kwa furaha kidogo, na sisi wanawake tuliokuwa tumekaa naye tukacheka pamoja naye. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema: mwanamke aliyekoma hedhi akitoka damu, hiyo ni safari ya hospitali, si ya kusubiri kesho. Baadaye akaanza kukaa mbali na watu. Alikuwa anaona haya kwa sababu ya harufu, na alibadilisha kanga mara nne kwa siku akidhani hatumwoni.

Tulifika naye hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ugonjwa ukiwa hatua ya tatu. Mwenye kuijua ile hospitali anayajua yale majengo ya zamani ya Wajerumani yanayotazama bahari, na upepo unaoingia kwenye korido. Kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa hospitali pekee nchini yenye tiba ya mionzi, kwa hiyo kwenye benchi lile nilikaa na mama wa Kigoma, mama wa Newala, mama wa Musoma. Tulipozoeana tukawa tunasimuliana. Wawili kati yao walisema maneno yale yale ya shangazi: nilidhani siku zimerudi. Shangazi alipata mionzi ya nje na ya ndani, akapata nafuu, akarudi Tanga, akaishi miezi kumi na minne. Tulimzika mwaka 2019, akiwa na miaka 61.

Jambo ambalo limenikaa moyoni kuliko yote nililielewa baada ya msiba. Saratani hii haiji kwa pupa. Mwanamke mwenye kinga nzuri ya mwili, tangu kirusi cha HPV kianze kuharibu chembe za mlango wa kizazi mpaka iwe saratani, mara nyingi hupita miaka 15 hadi 20. Nikahesabu kurudi nyuma. Maana yake yale mabadiliko ya mwanzo, yale ambayo yangeweza kuondolewa kwa asubuhi moja, huenda yalikuwa tayari ndani yake wakati tumekaa barazani ananishika vidole na kunionyesha namna ya kupitisha mwaa. Alikuwa na miaka arobaini na kidogo. Hakuna aliyemwambia akapime, na mahali pa kupima palikuwa pachache.

Kwangu mimi palikuwepo. Kituo cha afya kiko dakika ishirini kwa miguu kutoka nyumbani, na huduma haina malipo. Miaka mitano ikapita baada ya mazishi na sikwenda.

Nimejiuliza sana kwa nini, na majibu ya haraka niliyokuwa nawapa watu hayakuwa ya kweli. Nilisema sina muda, lakini muda wa kwenda kwenye vikao vya harusi niliupata. Nilisema nasikia inauma, lakini nimezaa watoto watatu. Ukweli ni kwamba niliogopa jibu. Kila nilipofikiria kile kitanda cha kupimia nilimwona shangazi amelala juu yake, na nikajiambia kwamba madhali sijapima, basi sina. Chini ya hofu hiyo kulikuwa na nyingine ndogo ndogo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na mtaani kwetu tunajuana: manesi kadhaa wa hapa nimewafundisha kusoma. Niliwazia kumvulia nguo mtoto niliyemfundisha herufi. Tena nilijua kwamba kirusi hiki huambukizwa kwa kujamiiana, na nilihofia swali litakaloingia nyumbani kwangu nikipata majibu mabaya. Nani kamletea nani? Na nilijua kwamba ukienda kupima huulizwa kama ungependa kupimwa na VVU pia, kwa sababu mwanamke anayeishi na VVU ana hatari ya kupata saratani hii mara sita zaidi. Hofu mbili kwa benchi moja.

Badala ya kwenda, nikawa mhamasishaji. Nasema hili kwa uchungu. Kila nilipoandika kwenye grupu "wanawake wenzangu, tukapime", kifua kilikuwa kinapoa, kana kwamba kwa kuwaambia wengine nimeshajipima mwenyewe.

Ugomvi ulianzia kwenye chanjo. Ilikuwa Aprili 2024, wakati serikali ilipoanza kutoa chanjo ya HPV kwa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Kabla ya hapo, tangu 2018, walikuwa wanachanjwa wa miaka 14 kwa dozi mbili. Binti wa wifi alikuwa na miaka 12. Wifi akaweka kwenye grupu ujumbe wa sauti wa mwanamke anayejiita muuguzi, akisema sindano hiyo inafunga kizazi. Ulikuwa na ile mishale miwili ya ujumbe uliosambazwa mara nyingi. WhatsApp wenyewe tangu 2020 wameweka kikomo kwamba ujumbe wa namna hiyo uupeleke kwa mtu mmoja au grupu moja kwa wakati mmoja, na bado siku ile nilikuwa nimeshaupokea kutoka kwa watu watatu. Maneno yake hayakuwa mageni. Mwaka 2014 maaskofu wa Kikatoliki nchini Kenya walitilia shaka hadharani chanjo ya pepopunda iliyokuwa ikitolewa kwa wanawake wa umri wa kuzaa, wakihofia inafunga kizazi, Wizara ya Afya na Shirika la Afya Duniani wakakanusha, na tangu wakati ule hofu hiyo hiyo inazunguka. Jina la ugonjwa likibadilika, kizazi kinabaki pale pale.

Nilimjibu neno moja kabla ya mengine yote. Niliandika: "Ujinga."

Baada ya hapo hakuna lililosikilizwa. Niliandika kwamba aina mbili tu za kirusi hicho, ya 16 na ya 18, ndizo zinazosababisha takribani asilimia 70 ya saratani hizi, na chanjo inazizuia. Niliandika kwamba kwa makadirio ya mwaka 2020, zaidi ya wanawake 10,000 wa Tanzania waligundulika na saratani hii na zaidi ya 6,000 wakafa. Wifi akaruka kutoka kwenye chanjo, akaandika: "Hata huko kupima kwenyewe ni kudhalilishwa tu." Nikamjibu kwa utafiti wa Mumbai, ambako wanawake wapatao 150,000 walifuatiliwa kwa miaka 12, na kupimwa kwa siki tu, inayopakwa kwenye mlango wa kizazi ukatazamwa kwa macho, kukapunguza vifo kwa asilimia 31. Kila nilichoandika kilikuwa kweli. Binamu mmoja kijana akatupia methali: "Mficha maradhi kilio humfichua." Kwenye familia iliyomzika shangazi, methali ile ilikuwa kama kofi. Mtoto mmoja wa marehemu akalefti. Ndipo wifi akaniuliza nimepima lini.

Baba mdogo, ambaye ndiye admini, alifunga grupu usiku ule, akaacha maneno haya: "Wanangu, hapa si gulioni." Kwa siku tatu hakuna aliyeweza kuandika chochote.

Siku ya nne niliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, nikaenda. Ningependa kusema nilikwenda kwa ushujaa, lakini nilikwenda kwa sababu sikuweza tena kukaa na lile swali.

Nesi aliyetoka kuniita alikuwa mwanafunzi wangu kweli. Alinitambua kabla sijamtambua. Akanisogelea pale kwenye benchi, akainama, akasema taratibu wengine wasisikie: "Mwalimu, ukipenda nimwite mwenzangu akuhudumie. Mimi sitakasirika." Nikatazama mikono yake. Nikakumbuka alikuwa akishika penseli kwa mkono wa kushoto na watoto wakimcheka. Nikamwambia, "Hapana mwanangu, nihudumie wewe."

Nitaeleza kilichofanyika chumbani bila kuzungukazunguka, kwa sababu mimi nilitamani mtu angenieleza. Unavua nguo za chini tu na kujifunika kitenge chako. Unalala chali, magoti juu. Kabla ya kila jambo alisema atafanya nini: sasa nagusa paja, sasa naingiza kifaa, pumua, ukisema basi naacha. Kifaa chenyewe kinafungua uke ili mlango wa kizazi uonekane. Kina ubaridi na kinabana, lakini hakikuniuma. Kisha alipaka kwa pamba siki iliyozimuliwa, ya asilimia tatu hadi tano, akasubiri kama dakika moja akimulika taa. Chembe zilizoanza kuharibika zina protini nyingi, na asidi ya siki huzifanya zigeuke nyeupe kwa muda. Zilizo nzima hubaki na rangi yake ya waridi. Hakuna kinachokatwa. Hakuna mashine kubwa.

"Mwalimu," akasema, "naona weupe."

Masikio yangu yaliziba. Nilimwona shangazi. Nilisikia watoto wanacheza nje na sauti ya pikipiki inapita. Yule binti hakunikimbiza. Aliweka mkono kwenye goti langu akangoja, kisha akasema sentensi ambayo naiandika hapa kama alivyoisema: "Hii siyo saratani. Hii ni ile ambayo ukiiacha, baada ya miaka inaweza kuwa saratani. Na hatuiachi." Akanionyesha kwenye picha ya ukutani: doa dogo, mipaka yake yote inaonekana, halikuingia ndani. Doa la namna hiyo linatibika palepale. Doa kubwa, au linaloingia ndani, au lenye sura ya kutia shaka, wangenipa rufaa.

Alinitibu asubuhi ileile, kwa kifaa kama kalamu nene ambacho ncha yake hufikia joto la nyuzi 100. Sehemu ile haina hisia nyingi kama ngozi. Nilihisi tumbo linakaza, kama siku ya kwanza ya hedhi, kwa muda usiofika dakika. Vituo vingine hutumia tiba mgando, yaani kuligandisha doa kwa baridi kali. Nilikaa kidogo, nikapewa maelekezo: nitatokwa na majimaji kwa wiki kadhaa, nisishtuke, nikipata homa, maumivu makali au damu nyingi, nirudi haraka, nisikutane na mume wangu kwa wiki nne, nirudi baada ya mwaka mmoja. Nilitoka saa tano kasoro. Niliingia saa tatu. Miaka mitano niliyoikimbia ilikwisha kwa chini ya saa mbili.

Hizo wiki nne zilinilazimisha kuzungumza na mume wangu, na hilo nililiogopa kuliko kitanda. Nilimweleza usiku, tumekaa uani. Alinyamaza, kisha akauliza, "Nimekuletea mimi?" Sikutegemea aulize kwa upande ule. Nikamwambia alivyoniambia nesi: kwamba karibu kila mtu aliyewahi kujamiiana hukutana na kirusi hiki wakati fulani, kwamba mwili wenyewe mara nyingi hukiondoa ndani ya mwaka mmoja au miwili, kwamba kinaweza kukaa kimya miaka mingi, na hakuna kipimo kitakachosema kiliingia lini wala kwa nani. Hakusema kitu. Akainuka akaenda kufunga banda la kuku, akarudi na kiti chake akakisogeza karibu na changu.

Kesho yake nilimwandikia wifi, yeye peke yake: "Wifi, nimepima jana. Kabla ya jana sikuwahi. Samahani kwa lile neno."

Hakujibu. Saa nne usiku akapiga.

Aliniambia habari za uzazi wake wa kwanza, ambazo katika miaka yote ya uwifi wetu sikuwahi kuzisikia. Ilikuwa hospitali kubwa, katika mji ambao hatukuwepo ndugu yeyote. Walikuja wanafunzi saba wakasimama miguuni pake, na mmoja baada ya mwingine wakampima njia, bila yeyote kumwambia jina lake wala kumwomba idhini. Alipolia, mtu mmoja akamwambia, "Wakati unaitafuta hii mimba mbona hukupiga kelele?" Wengine wakacheka. Uzazi wa pili alikataa kutoka nyumbani kwa mama yake mpaka mtoto akazaliwa pale. "Mimi sina ugomvi na siki yako," akasema. "Mimi nikikiona kile kitanda, mikono inatetemeka. Sasa ningeandika hivyo mbele ya baba zako wadogo?"

Asingeweza. Hapo ndipo nilipoona nilichokuwa nimefanya. Kwetu pwani mambo ya mwili wa mwanamke yana chumba chake na watu wake. Binti akivunja ungo hupewa somo, yaani kungwi wake, wakafunga mlango, yakasemwa yote bila kupunguzwa. Hakuna anayemuuliza mke wa mtu habari za mlango wa kizazi mbele ya wakwe zake. Mimi nilifanya hivyo, kwa sababu kwenye simu sikuwaona wale wakwe. Grupu la ukoo limewakusanya watu ambao ndani ya nyumba moja wasingekaa pamoja kwa mazungumzo hayo, na nikamtaka mtu aliyeumizwa atoe hoja zake pale. Neno "kudhalilishwa" alikuwa ameliandika waziwazi. Alikuwa ananiambia. Mimi nililiruka nikaenda Mumbai.

Sisemi kwamba uongo uachwe. Ule ujumbe wa sauti ni uongo, na kwenye grupu kuna wasomaji wengi wasioandika kitu ambao wataamua kuhusu mabinti zao kwa kile walichokisoma. Nilipofunguliwa kuandika, niliandika mistari mitatu: kwamba chanjo hii haifungi kizazi; kwamba nilimwita wifi yangu mjinga na sikuwa na haki hiyo; na kwamba mimi mwenyewe nilipima kwa mara ya kwanza wiki ile. Sikuongeza. Baba mdogo aliweka alama ya mikono miwili. Wanaume wakahamia kwenye habari za mpira.

Lakini pembeni, mmoja mmoja, wanawake wa ukoo wakaanza kuniandikia, na maswali yao hayakuwa yale niliyokuwa nimeyajibu kwa aya tano. Mpimaji ni mwanamke? Nivue zote? Nikiwa kwenye siku zangu? (Subiri ziishe.) Mume lazima ajue? Mimi nimeshakoma hedhi, inanihusu? (Inakuhusu, ila siki haionyeshi vizuri kwa umri huo, mwambie nesi akuelekeze kipimo kingine.) Binamu yangu wa Korogwe aliuliza jambo moja tu: kama nililia. Nilimwambia ndiyo, nikiwa njiani kurudi. Akaenda wiki iliyofuata.

Wifi hajaenda. Nilimweleza kuhusu kipimo cha kirusi chenyewe, ambacho mahali kinapopatikana mwanamke hujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti chenye pamba, bila kitanda wala kifaa, na akikutwa hana kirusi anaweza kukaa miaka mitano kabla ya kupima tena. Alinisikiliza sana hapo. Kuhusu binti yake bado hatujaelewana. Sasa ana miaka 13 na mlango wa chanjo unafungwa akivuka 14, na siwezi kujifanya halinisumbui. Nimelizungumza mara mbili, nyumbani kwao, kaka akiwepo, chai ikiwa mezani. Nitalizungumza tena.

Mwezi ujao natimiza mwaka, na lazima nirudi kuangaliwa. Bado naogopa. Juzi nilimtajia wifi tarehe, bila kumwomba chochote. Akasema, "Nitakusindikiza. Sijasema nitapima." Nikamwambia sawa. Jana usiku akaandika tena, akauliza yule mwanafunzi wangu huwa anaingia zamu ya asubuhi au ya jioni.